Kutoka Kusemewa Hadi Kusema: Usonji na Afya ya Akili Katika Historia ya Uingereza



Muhula uliopita mmoja wetu aliacha kuja kwenye mikutano ya chama. Hakuaga. Baadhi yetu tulisema ana maringo, kwa sababu kila tulipomsalimia alijibu neno moja tu, "salama", kisha akaenda kukaa pembeni karibu na mlango. Sisi, kama mnavyotujua, hatuishii kwenye "hujambo". Tunauliza habari za asubuhi, za masomo, za nyumbani na za baridi, na anayeulizwa anatarajiwa naye aulize. Tulipomtafuta hatimaye, alituambia kwamba ana usonji, kwamba alitambuliwa hapa Uingereza akiwa na miaka 20, na kwamba alikuwa amepitia miezi ya sonona nzito ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Ametuomba tusimtaje jina. Ameturuhusu tuanze na habari yake, na amesoma makala haya kabla hayajachapwa.

Alituambia jambo jingine lililotupeleka maktaba. Alipokwenda kuomba msaada wa sonona, aliyempokea alimjibu kuwa huzuni na kujitenga ni sehemu ya usonji wake, hivyo hapakuwa na la kutibu. Tukajiuliza: wazo hilo limetoka wapi? Makala haya ni jibu tulilolipata. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, watu wenye usonji walielezwa na watu wengine, na mateso yao ya akili yakahesabiwa kuwa ndiyo hali yenyewe. Mambo yalianza kubadilika pale waliolala kwenye kitanda hicho walipoulizwa habari za kunguni wake: kwanza wazazi, halafu wenye usonji wenyewe.

Neno lililozaliwa wodini

Usonji ni namna ambavyo ubongo wa mtu hukua tofauti na wa walio wengi. Unagusa mawasiliano, hisia za mwili kama kusikia na kugusa, na haja ya kuwa na utaratibu unaojulikana. Si ugonjwa wa akili kama sonona, wala si lazima uambatane na ulemavu wa akili, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na usonji pamoja na kimojawapo cha hivyo.

Leo tunatenganisha mambo haya, lakini neno lenyewe la Kizungu lilizaliwa katika wodi ya wagonjwa wa akili. Daktari Mswisi, Eugen Bleuler, alilitunga kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mwenyewe", na katika kitabu chake cha 1911 alilitumia kutaja dalili mojawapo ya skizofrenia, yaani mgonjwa kujifungia ndani ya nafsi yake. Mwaka 1925 Grunya Sukhareva, daktari aliyefanya kazi Moscow, aliandika habari za wavulana 6 ambao leo tungesema wana usonji. Makala yake ilitolewa pia kwa Kijerumani mwaka uliofuata, lakini haikupata wasomaji wengi. Mwaka 1943 Leo Kanner, akiwa Baltimore nchini Marekani, alieleza watoto 11 na kuuchukulia usonji kuwa hali inayojitegemea. Mwaka mmoja baadaye, mjini Vienna, Hans Asperger aliandika kuhusu wavulana 4 waliosema vizuri lakini waliopata shida kuishi na wenzao. Uchunguzi wa nyaraka uliochapishwa mwaka 2018 umeonyesha kuwa Asperger alishirikiana na utawala wa Wanazi, na kwamba alipeleka watoto kwenye kituo ambako watoto walemavu waliuawa. Ndiyo sababu wengi siku hizi hawapendi kuitwa kwa jina lake.

Angalieni jambo moja katika orodha hii. Wote walioandika walikuwa madaktari, na kuanzia kwa Sukhareva walioandikwa wote walikuwa watoto. Hakuna aliyejiandikia mwenyewe habari za maisha yake.

Mama akalaumiwa

Kanner mwenyewe aliona kwamba hali hii ilionekana tangu utotoni kabisa. Hata hivyo aliandika pia kuhusu wazazi alioona ni baridi, na mwaka 1949 aliyafananisha malezi yao na jokofu. Mfano huo ukageuka shtaka. Huko Chicago, Bruno Bettelheim alifundisha kwamba mtoto hujifungia ndani kwa sababu mama hakumtaka, na kitabu chake cha 1967 kilisomwa sana. Mama aliyempeleka mwanawe kutafuta msaada alirudi nyumbani akiwa yeye ndiye mtuhumiwa.

Hapa ilitubidi tuyakumbuke ya kwetu. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi na wataalamu wakitaja sababu nyingi za usonji. Wengine walitaja maradhi na matatizo ya uzazi, wengine mapepo, uchawi na laana. Baadhi yetu tuliosoma nje tumezoea kuwacheka wazee wetu wanapotaja majini. Lakini maprofesa wa Chicago nao walimtupia mama lawama, tena kwa lugha ya sayansi na wakiwa na shahada ukutani. Katika hali zote mbili familia iliachwa na aibu, na mtoto hakupata msaada aliouhitaji.

Aliyempinga Bettelheim kwa nguvu hakutoka nje ya jambo hili. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani, na pia alikuwa baba wa mvulana mwenye usonji. Kitabu chake cha 1964 kilionyesha kuwa chanzo kitafutwe katika mwili na ubongo, si katika mapenzi ya mama.

Wazazi wa London

Hapa Uingereza, mwaka 1962, kundi la wazazi lilianzisha London chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Wakati ule watoto wengi wa aina hii waliitwa wasiofundishika, na sheria iliruhusu wabaki nje ya shule. Mwalimu mmoja, Sybil Elgar, hakukubali. Alianza kufundisha watoto wachache nyumbani kwake, na mwaka 1965 chama cha wazazi kikafungua shule huko Ealing, yeye akiwa kiongozi wake. Alifundisha kwa utaratibu uleule kila siku, kwa maneno machache na vitu vya kuonekana kwa macho. Sheria ya elimu ya 1970 ndiyo iliyofuta kundi la wasiofundishika katika England na Wales. Wanafunzi wa kwanza walipokua, Elgar akasaidia kuanzisha makazi ya watu wazima, Somerset Court, mwaka 1974. Wazazi walikuwa wameona jambo moja kwa macho yao: kwamba mtoto mwenye usonji hukua, na siku moja huwa mtu mzima.

Miongoni mwa waasisi wa chama hicho alikuwa Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili ambaye binti yake, Susie, aliyezaliwa mwaka 1956, alikuwa na usonji. Wing alijua ya hospitalini na ya nyumbani, na aliona havilingani. Pamoja na Judith Gould alichunguza eneo la Camberwell, kusini mwa London, lililokuwa na watoto wapatao 35,000. Kabla yao, mwaka 1966, Victor Lotter alikuwa amehesabu watoto wa Middlesex kwa kutumia maelezo ya Kanner, akapata kiasi cha 4.5 katika kila 10,000. Wing na Gould, katika ripoti yao ya 1979, walipata hesabu ya karibu na hiyo kwa watoto waliolingana kabisa na maelezo ya Kanner. Lakini walipotazama watoto wote waliokuwa na shida za kuhusiana na watu, kuwasiliana na kuwaza kwa ubunifu, hesabu ilifika zaidi ya 20 katika kila 10,000. Wengi walikuwepo siku zote. Hawakuhesabiwa kwa sababu kipimo kilikuwa chembamba.

Mwaka 1980 Wing alichapisha makala nyingine iliyotuhusu sisi wahamiaji zaidi. Ilikuwa imeaminika kwamba usonji ni jambo la familia za wasomi na wenye fedha. Alionyesha kwamba familia hizo zilionekana nyingi kwa sababu ndizo zilizojua njia ya kumfikia daktari bingwa. Tukiikumbuka hoja hiyo, tunaisoma kwa jicho jingine safari ya Lotter, ambaye baada ya Middlesex alitembelea taasisi za watoto walemavu katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo. Ripoti yake ya 1978 ilitaja watoto wachache tu wenye usonji. Sisi tunauliza: watoto wangapi wakati ule walikuwa wamefikishwa kwenye taasisi hizo, na wangapi walikuwa nyumbani kwa bibi zao?

Mwaka 1981 Wing akaandika makala iliyofufua kazi ya Asperger na kufungua mlango kwa watu wazima wenye usemi mzuri na elimu kutambuliwa. Alizungumzia pia huzuni na wasiwasi unaowapata wanapoanza kukua na kujiona wako tofauti. Bila hatua hiyo, mwanachama mwenzetu asingetambuliwa akiwa na miaka 20.

Bwana H.L.

Kujulikana hakukutosha. Tunataka mjue kesi ya mtu ambaye sheria inamwita H.L. ili kulinda jina lake. Alikuwa na usonji na hakuweza kusema. Aliishi katika hospitali ya Bournewood, Surrey, kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1994 alipochukuliwa na mume na mke waliokubali kuishi naye nyumbani kwao. Tarehe 22 Julai 1997, akiwa kwenye kituo cha mchana, alifadhaika na kuanza kujigonga kichwa. Walezi wake hawakupatikana upesi. Alipewa dawa ya kumtuliza, akarudishwa hospitali ileile na kubaki huko kwa miezi. Walezi walizuiwa kumtembelea, kwa hofu kwamba angetaka kuondoka nao.

Hospitali ilisema hakuzuiliwa, kwa kuwa hakujaribu kutoka. Yaani ukimya wa mtu asiyeweza kusema ulichukuliwa kuwa ridhaa. Mwaka 1998 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikubaliana na hospitali. Walezi hawakuchoka. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu kwamba alinyimwa uhuru wake bila kinga ya kisheria. Hukumu hiyo ilizaa taratibu mpya za kisheria zilizoanza kutumika mwaka 2009.

Tunaikumbusha kesi hii kwa sababu mbili. Kwanza, fadhaa ya H.L. ilitibiwa kama hatari, na hatukuona mahali ambapo mtu alianza kwa kuuliza kilichomfadhaisha. Pili, baadhi ya watu wanasema kwamba hoja ya kuwasikiliza wenye usonji inawafaa tu wale wanaoweza kuandika na kuhutubia. Wazazi wengine wa watoto wanaohitaji msaada usiku na mchana wamelalamika hivyo, na malalamiko yao yana uzito. Lakini walezi wa H.L. walimsikiliza mtu asiye na maneno. Walimjua kwa mienendo yake, wakajua kwamba anataka kurudi nyumbani.

Wenyewe wanasema

Katika miaka ya 1990 watu wazima wenye usonji walianza kukutana na kuandika. Mwaka 1993 Mmarekani Jim Sinclair aliwahutubia wazazi mjini Toronto. Kiini cha maneno yake kilikuwa kwamba mzazi asimlilie mtoto aliye hai kana kwamba amefiwa. Mtoto aliyemtarajia hakuja, lakini aliyekuja yupo na anamhitaji. Katika mijadala ya miaka hiyo likakua wazo la utofauti wa ubongo: kwamba akili za binadamu ni za namna nyingi, kama zilivyo lugha, na kwamba kuwa wachache si sawa na kuwa wabovu. Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuliandika wazo hilo kitaaluma, katika tasnifu yake ya 1998.

Hapa Uingereza, mwaka 2012, Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alileta hoja rahisi kueleza. Ilikuwa imesemwa kwamba wenye usonji hawaelewi hisia za wengine. Milton aliuliza: na hao wengine, wanawaelewa wenye usonji? Kutoelewana kuna pande mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walilijaribu wazo la namna hii kwa mchezo tuliocheza sote utotoni, wa kupashana habari mtu hadi mtu. Katika misururu ya watu 8, wenye usonji watupu walifikisha habari sawa na wasio na usonji watupu. Habari ilipotea zaidi katika misururu iliyochanganywa.

Sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kulijua hili mapema. Mwingereza akimwona kijana wa pwani hamtazami mwalimu usoni, hudhani anaficha kitu, kumbe ni adabu aliyofunzwa. Kinyume chake pia hutokea. Mwenzetu alikwepa macho ya watu maisha yake yote, na nyumbani akasifiwa kwa heshima. Hakuna aliyehisi kwamba kumtazama mtu usoni kulimuumiza.

Sonona ni sonona

Sasa turudi kwenye jibu alilopewa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu wazima zaidi ya 360 waliotambuliwa katika kliniki moja ya England kati ya 2004 na 2013. Asilimia 66 kati yao walisema wamewahi kufikiria kujiua. Hesabu hiyo haielezi usonji. Inaeleza maisha ya watu waliotambuliwa wakiwa wamechelewa, baada ya miaka ya upweke, kuonewa na kujificha ili wafanane na wengine. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa kule kujificha kwenyewe kunaambatana na sonona na wasiwasi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba huzuni yake ni usonji tu ni kurudia kosa la 1911, la kuchanganya hali ya mtu na maumivu yake.

Tena matibabu yapo. Mwongozo wa kitaifa wa afya wa 2012 kwa watu wazima wenye usonji unaeleza jinsi ya kurekebisha tiba ya mazungumzo: iwe na mpango ulio wazi, itumie maandishi na picha, iwe na mapumziko, iingize mambo anayoyapenda mhusika, na ipunguze mafumbo na tamathali. Tulicheka tuliposoma hilo la mwisho. Mswahili aambiwe apunguze mafumbo! Lakini mwenzetu hakucheka. Alisema nusu ya mazungumzo yetu humpita kwa sababu hiyo.

Sheria nazo zimesogea, na mara nyingi zimesogea baada ya msiba. Sheria ya Usonji ya 2009, iliyofikishwa Bungeni na mbunge Cheryl Gillan, iliilazimu serikali kuwa na mkakati kwa ajili ya watu wazima wenye usonji katika England. Mwaka 2016 Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji, alifariki baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wamesema asipewe. Wazazi wake walipigania mafunzo, na sheria ya 2022 ikawataka watoa huduma za afya England wahakikishe wafanyakazi wao wanafunzwa kuhusu usonji na ulemavu wa akili. Muswada uliopelekwa Bungeni mwaka 2024 ulikusudia kwamba usonji peke yake usiwe sababu ya kumweka mtu hospitalini kwa matibabu kwa muda mrefu.

Na sisi

Historia hii imetufundisha kuuliza, kwa hiyo tulimuuliza mwenzetu nini kingemrudisha chamani. Hakutaka mambo makubwa. Alitaka ajue ratiba siku mbili kabla, na isibadilishwe bila taarifa. Alitaka muziki usipigwe wakati watu wanaongea. Alitaka kuwe na chumba cha pili chenye utulivu, ambako mtu anaweza kwenda na kurudi bila kuulizwa una nini. Na alitaka salamu moja ihesabiwe kuwa imetosha. Kamati imeyakubali yote manne kuanzia muhula huu.

Tunawaomba wanachama wasibahatishe kumtambua mtu kwa kumtazama, na wasimtangaze aliyewaeleza siri yake. Aliyezidiwa na mawazo asingoje mkutano wetu: Samaritans hupokea simu saa 24 kwa namba 116 123, bila malipo hapa Uingereza. Akihitaji mtu wa kumsindikiza kwa daktari au kumkalimania, aseme na yeyote katika kamati.

Mwenzetu alikuja Ijumaa iliyopita. Tulimwambia "hujambo", akajibu "sijambo", akaenda kukaa pale pale karibu na mlango. Safari hii hakuna aliyesema ana maringo.